Tupeane uzoefu: jeuri na ustaarabu kwenye matatu, steji na foleni zetu

Mkaazi wa Manyatta
Salamu zenu nyote. Kuna jambo linaniuma na nataka tulizungumze. Panda matatu ya Ahero jioni hapa Kisumu. Mama mwenye mtoto mgongoni anawekewa ubao wa sambaza katikati ya viti, huku kijana wa dirishani amepanua magoti amechukua nafasi ya wawili. Makanga anasema "songeni, songeni", kijana yuko kwenye simu, na sisi wengine tunatazama nje. Gari ni la watu 14. Sheria za matatu za waziri Michuki zilipoanza mwaka 2004, nakumbuka abiria wenyewe walikuwa wakimkatalia wa kumi na tano asiingie. Siku hizi tunasonga na kununa. Jeuri ya mtu mmoja naivumilia. Kinachonivunja moyo ni gari zima kunyamaza.

Simulieni mliyoyaona wenyewe, mabaya na mazuri. Majina ya kampuni na namba za magari tuyaache.

Kijana wa Free Area
Nakuru kero yetu ni steji. Unaambiwa "bado mmoja twende", unaingia, unalipa, halafu watatu waliokuwa wamekaa kama abiria wanashuka na kwenda kujaza gari lingine. Hilo tumelizoea, ingawa si haki.

Nililoshindwa kulizoea ni kuvuta watu. Nilimwona nyanya mmoja ameshuka na kiondo cha njegere, wapiga debe wawili wakakishika, huyu mshikio huu na yule ule mwingine, kila mmoja anampeleka kwenye gari lake. Mshikio ukakatika, njegere zikamwagika kwenye lami. Wale wawili walianza kulaumiana pale pale, wala hawakuinama. Aliyeinama ni kijana anayepiga viatu rangi kando ya ukuta. Alimwacha mteja wake na kiatu kimoja, akaja na kitambaa chake kikubwa kisafi akakitandaza. Mteja naye, mtu wa suti, akamfuata, mguu mmoja una soksi tu. Walizikusanya zote, hata zilizoingia chini ya gurudumu. Dereva alikuwa ameshawasha gari, akazima akangoja.

Nyanya aliwaambia "Mungu awaongeze" akapanda gari alilolichagua mwenyewe.

Nyar Ahero
Chenji jamani! Makanga anachukua noti yako Kisumu mjini, anakwambia "nitakupa mbele", ukishuka Nyamasaria gari linaondoka. Mimi siku moja nilikimbilia gari nikipiga kelele. Mwanamume aliyekaa nyuma, hatujuani kabisa, alianza kugonga bati la gari kwa kiganja: "Pesa ya dada! Pesa ya dada!" Wenzake wakaitikia. Gari lilisimama, nikarudishiwa hadi shilingi ya mwisho. Kwa hiyo Mkaazi nakuunga mkono, mmoja akianza wengine hufuata. Shida ni nani aanze.

Makanga wa Kakamega Road
Nimewasoma nyote na sitatetea ubao wa sambaza. Lakini tusikilizeni na sisi. Saa kumi na moja alfajiri abiria wa kwanza ananipa noti ya elfu moja kwa nauli ya karibu, nitoe wapi chenji? Mwenye gari anataka hesabu yake ya siku kila jioni, ikipungua si mimi ninayeijazia? Na wengi wenu hamjawahi kutusalimu. Mtu anapanda, anatupa pesa kwenye kiganja changu, macho yako kwingine.

Kuna mama hupandia Khayega na kapu lake la mboga. Lazima aseme "Mulembe, mwanangu" kabla hajaingia, na akishuka anamwambia dereva asante. Kapu lake nalibeba hadi upande wa pili wa barabara, hata tukiwa tumechelewa. Hajawahi kuniomba.

Mkaazi wa Manyatta
Asante kaka, hayo ya salamu nimeyapokea. Hesabu ya mwenye gari inaeleza kwa nini mna haraka. Lakini ule ubao, mama ndiye anayeulipia kwa mgongo wake, na nauli anatoa sawa na aliyekaa vizuri.

Mwalimu wa Chavakali
Mimi ni mtu wa kulalamikia muziki. Kanuni za kelele zipo tangu 2009, na bado wanafunzi wangu wanafika darasani masikio yanavuma. Ila nitasimulia siku muziki ulipozimwa.

Tulikuwa tumekaribia Kiboswa. Dada mmoja wa kiti cha mbele alipokea simu, akasema "lini?", akarudia tena "lini?", kisha akaanza kulia. Kaka yake alikuwa amefariki. Dereva alizima redio bila kuambiwa, akaegesha pembeni. Makanga akamrudishia nauli yake yote. Mzee mmoja akatoa kofia, ikazunguka viti vyote, na waliokuwa na sarafu tu wakaziweka. Kisha mama aliyekaa kando yake, aliyekuwa anaelekea Kisumu kama sisi, alishuka naye. Alisema, "Hawezi kupanda boda peke yake akiwa hivi." Waliondoka kwenye pikipiki moja, mama amemshikilia kwa nyuma. Mpaka leo simjui ni nani, na namwombea kila ninapopita pale.

Mama Watatu, Bungoma
Hospitali za umma. Mnajua lile benchi, mnasonga kadiri watu wanavyoingia kwa daktari. Anakuja mtu amevaa vizuri, anamnong'onezea muuguzi, anaingia. Watu thelathini wanaguna, hakuna anayesema neno. Hayo yapo.

Lakini niliona pia mzee amelala kwenye benchi na kitabu chake cha matibabu mkononi. Zamu yake ilipofika, kijana aliyemfuata angeweza kumruka na hakuna ambaye angejua. Alimgusa bega: "Guka, ni wewe." Akamshika mkono hadi mlangoni.

Msafiri wa Busia
Kwetu ndiko boda zilikoanzia, enzi za baiskeli za kuvusha watu mpakani. Ninachoomba kwa wenzangu wa pikipiki ni kimoja tu: mvua ikinyesha, punguzeni mwendo penye dimbwi. Mtoto wa shule akimwagiwa tope asubuhi anashinda nalo siku nzima.

Nyar Ahero
Na wahubiri na wauza dawa za minyoo kwenye basi la Nairobi je? Mimi wananichosha.

Mwalimu wa Chavakali
Wale waacheni watafute riziki, wanashuka haraka. Mwenye video ya simu kwa sauti ya juu hashuki hadi Nakuru. Mimi humwambia, "Ndugu, naomba upunguze kidogo, kuna mtoto amelala." Wengi hupunguza.

Binti wa Kondele
Nilikuwa nasita kuandika. Makanga alinishika kiuno eti ananisaidia kupanda. Wasichana wengi wanalijua jambo hili. Wanawake waliandamana Nairobi mwaka 2014 baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani, na bado mikono haijatulia. Siku hiyo nilisema kwa sauti, "Toa mkono." Akacheka, akasema ati najiona. Nilihisi gari zima limeniacha peke yangu.

Kisha mzee wa kiti cha nyuma akasema, "Amekwambia toa mkono." Mama mmoja akaongeza, "Na umwombe radhi." Dereva akageuka akamtazama. Aliomba radhi. Nilikaa, na yule mama akanisogezea begi lake nipate nafasi ya miguu.

Makanga wa Kakamega Road
Pole sana, dada yangu. Huu uzi nimeutuma kwenye kundi letu la steji. Hiyo yako nimewaambia waisome kwanza.