Old Fort inataka "the", Stone Town haitaki: kanuni iko wapi?

Mwandishi wa Shangani

Assalaam alaykum. Natayarisha karatasi moja ya Kiingereza kwa ajili ya waongoza watalii wa Mji Mkongwe. Vitenzi vinanipa tabu kidogo, lakini kinachonishinda khasa ni pale jina la pekee linapokutana na maneno mengine. Sentensi zenyewe kama zilivyo sasa:

1. "The Stone Town is a World Heritage Site since 2000."
2. "House of Wonders was built by the Sultan Barghash in 1883."
3. "Visitors admire the Zanzibar's carved doors."
4. "Novelist from Zanzibar, Abdulrazak Gurnah won Nobel Prize in 2021."
5. "Students of State University of Zanzibar and the Zanzibar University visit Palace Museum."

Skuli tunafundishwa kuwa jina la pekee halichukui "the". Mbona basi ni "the Indian Ocean"?

Maalim wa Wete

Wa alaykumus salaam. Kanuni ya skuli si ya uongo, ila imekatwa nusu. Kabla ya kuuliza kama jina linataka "the", uliza neno kuu la kirai (fungu la maneno) ni lipi, yaani lile linalobaki ukiyavua maneno yote yanayolieleza. Katika "the House of Wonders" neno kuu ni "House", nomino ya kawaida kabisa, na "of Wonders" inaeleza ni nyumba ipi. Kwa hivyo "the" inahitajika. Ndivyo ilivyo "the State University of Zanzibar", "the United Republic of Tanzania", "the island of Pemba". Ukiona nomino ya kawaida imefuatwa na "of" ndani ya jina, weka "the" na mara nyingi utakuwa sawa.

Jina la mahali likitangulia mbele, "the" kwa kawaida hutoka: "Zanzibar University", "Pemba Island", "Chwaka Bay". Ukitaka mfano wa kuandika ubaoni, vyuo vikuu viwili vya hapa kwetu vinatosha. Kimoja kina "the" na chengine hakina, na kinachotafautisha ni mpangilio wa maneno tu.

Maji yana desturi yake. Bahari, mito na mikondo huchukua "the" hata jina likitangulia: "the Indian Ocean", "the Rufiji", "the Pemba Channel". Maziwa na ghuba za namna ya "Menai Bay" hazichukui. Kisiwa kimoja hakichukui, iwe Unguja, Tumbatu au Mnemba. Kundi la visiwa huchukua: "the Comoros", "the Maldives", "the Zanzibar Archipelago". Hapa ni kukariri.

Msidhani kineno hichi ni kidogo. Tarehe 27 Agosti 1896 meli ya Sultani iliyoitwa Glasgow ilizamishwa bandarini Unguja kwa mizinga ya Waingereza. "The Glasgow sank" maana yake meli imezama. "Glasgow sank" maana yake mji mzima wa Scotland umezama. Meli huchukua "the", miji haichukui.

Mhariri wa Mkunazini

Niishike sentensi ya tatu, maana kosa hili liko hata kwenye mabango ya barabarani. "Zanzibar's" yenye ritifaa (alama ya ') imeshakalia kiti cha "the". Kipimo: weka "its" mahali pake. Unasema "its carved doors", huwezi kusema "the its carved doors". Kwa hivyo "Zanzibar's carved doors", basi.

"The" hukubalika mbele ya ritifaa pale tu mwenye mali mwenyewe anapoihitaji. "The Sultan's palace" ni sahihi kwa sababu tunasema "the Sultan". "The island's cloves" ni sahihi kwa sababu tunasema "the island".

Ukiondoa ritifaa mambo hugeuka. Katika "the Pemba clove harvest", Pemba imekaa kama kivumishi, na "the" ni ya "harvest". Ifute Pemba: "the clove harvest". Inasimama, kwa hivyo "the" ibaki. Angalieni na mpangilio: sisi tunasema mavuno, halafu karafuu, halafu Pemba, Kiingereza kinaanzia mwisho na kurudi nyuma, na neno kuu linakuja la mwisho. Maneno ya katikati kwa kawaida hubaki katika umoja. "Cloves harvest" ni kosa hata kama karafuu ni magunia mia.

Vifupisho navyo: kinachosomwa kama neno huenda bila "the", kama SUZA (kifupi cha State University of Zanzibar) na UNESCO. Kinachosomwa herufi moja moja mara nyingi huchukua: "the UN", "the BBC". Lakini "the SUZA library" ni sawa, kwa sababu "the" ni ya maktaba.

Mwandishi wa Shangani

Ahsanteni. Ila nimekwama. Katika "Forodhani Gardens" na "Darajani Market" neno kuu liko mwisho na ni nomino ya kawaida, na hakuna "the". Katika "the Old Fort" na "the Palace Museum" neno kuu liko mwisho vilevile, na "the" ipo. Tafauti iko wapi?

Maalim wa Wete

Swali zuri, na jawabu liko kwenye neno la mwanzo. Forodhani na Darajani ni majina ya pekee. Yanatosha kuonesha ni bustani ipi na soko lipi. "Old" na "Palace" si majina, ni maneno ya kueleza tu. Ngome kongwe ziko nyingi duniani, kwa hivyo "the" ndiyo inayofunga kwamba ni hii yetu. "The Peace Memorial Museum" ni hivyo hivyo. Linganisha na ngome ya Mombasa: "Fort Jesus", bila "the", kwa sababu Jesus ni jina.

Stone Town inaivunja kanuni hii na lazima niseme hivyo. "Stone" ni neno la kueleza, lakini kwa matumizi ya miaka mingi maneno mawili yamegandana yakawa jina kamili la mahali. Andika "Stone Town" bila "the". Ukiongeza neno kuu jengine, "the" inarudi kwa ajili ya neno hilo: "the Stone Town houses".

Na jina lolote la mji likigawanywa kwa wakati au kwa hali huchukua "the": "the Zanzibar of the 1880s". Hapo unamaanisha Zanzibar moja kati ya nyingi zilizopita.

Binti wa Mkoani

Nami naongeza juu ya vyeo na mikato, sentensi ya pili na ya nne.

Cheo kikigusana na jina, "the" hutoka: "Sultan Barghash". Cheo kikiwa peke yake, inarudi: "the Sultan". Jina likitangulia na cheo kikafuata kama maelezo, inaweza kutoka tena: "Barghash bin Said, Sultan of Zanzibar from 1870 to 1888, built...". Na "bin" iandikwe kwa herufi ndogo.

Tusihamishe heshima zetu zote. Kwa Kiswahili Mwalimu Asha na Dereva Juma ni adabu. Kiingereza sanifu hakina "Teacher Asha" wala "Driver Juma". Vinavyokubalika mbele ya jina ni vichache: Dr, Professor, Captain, Sheikh, President na mfano wake. Kwa wengine andika "our driver, Juma,".

Mikato sasa. Maelezo yanayofuata jina yanafungwa kwa mikato miwili, mmoja kabla na mmoja baada. Watu huweka wa kwanza na kuusahau wa pili, na msomaji anapoteza kiima kabla hajafika kwenye kitenzi. "Abdulrazak Gurnah, a novelist born in Zanzibar in 1948, won the Nobel Prize in Literature in 2021."

Maelezo yakitangulia, mikato hutoka: "The novelist Abdulrazak Gurnah won...". Hapa pana hatari. Ukiandika "The Zanzibar-born novelist, Abdulrazak Gurnah, won...", mikato hiyo inasema kwamba Zanzibar imezaa mwandishi wa riwaya mmoja tu. Kipimo: futa jina. Kama msomaji hawezi tena kujua unamsema nani, usitie mikato.

Kitenzi nacho kifuate neno kuu, si jina lililo karibu nacho: "Pemba, together with its islets, lies north of Unguja." "Lies", kwa sababu neno kuu ni Pemba, ingawa "islets" iko ubavuni mwa kitenzi.

Mwandishi wa Shangani

Nimeandika upya:

1. "Stone Town is a World Heritage Site since 2000."
2. "The House of Wonders was built by Sultan Barghash in 1883."
3. "Visitors admire Zanzibar's carved doors."
4. "The novelist Abdulrazak Gurnah, born in Zanzibar, won the Nobel Prize in Literature in 2021."
5. "Students of the State University of Zanzibar and Zanzibar University visit the Palace Museum."

Mhariri wa Mkunazini

Majina yote yamekaa sawa sasa. Ya kwanza imebaki na kosa la kitenzi: "since 2000" inataka "has been". Na katika ya tano andika "students from", maana "of" mbili karibu karibu zinamfanya msomaji atafute ipi ni sehemu ya jina la chuo.