Kumtembelea mzazi mara moja kwa mwezi kunatosha?

Mhudumu wa Wete aliuliza:
Assalaam alaykum, ndugu zangu. Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea katika shehia moja ya Wete, Pemba, na katika kazi zetu tunawatembelea wazazi wenye watoto walio chini ya miaka mitatu ili kuzungumza nao kuhusu malezi, lishe na kucheza na mtoto. Nyumba ni nyingi, na njia zetu mnazijua zinavyokuwa wakati wa masika, kwa hiyo kila nyumba naifikia mara moja kwa mwezi. Mama huniitikia kila ninalosema, lakini mwezi unaofuata nakuta mambo yako pale pale. Utafiti unasemaje: ziara hizi zinamsaidia mtoto kweli, na mara moja kwa mwezi inatosha?

Mwanafunzi wa Afya ya Jamii, Chake Chake, alijibu:
Waalaykum salaam, dada. Utafiti unaotajwa zaidi ni ule wa Kingston, Jamaika, ulioanza mwaka 1986 chini ya Sally Grantham-McGregor na wenzake. Watoto 129 waliodumaa, wa miezi 9 hadi 24, waligawanywa makundi manne: waliopewa maziwa ya lishe, waliotembelewa nyumbani, waliopata yote mawili, na wasiopata lolote kati ya hayo. Ziara ilikuwa ya saa moja kila wiki kwa miaka miwili, na aliyekwenda hakuwa daktari bali mhudumu wa jamii kama wewe, akiwa na vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa makopo na chupa, ambavyo viliachwa nyumbani na kubadilishwa ziara ifuatayo. Walipofikia umri wa miaka 22, waliotembelewa walikuwa na kipato kikubwa zaidi kwa asilimia 25 kuliko wenzao wasiotembelewa, ilhali maziwa peke yake hayakuonekana kuacha faida ya kudumu. Watoto 129 ni wachache, kwa hiyo nisingemwahidi mzazi yeyote wa Pemba asilimia hiyo.

Kuhusu swali lako la pili, watafiti wa huko huko Jamaika walichapisha mwaka 1989 ulinganisho wa ziara za mwezi, za wiki mbili na za wiki: za mwezi hazikuleta faida ya maana, na faida ilikua kadiri ziara zilivyokaribiana. Hata hivyo usivunjike moyo. Huko Sindh, Pakistan, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, ziara ya mwezi iliunganishwa na mkutano wa kina mama wa kila mwezi, na watoto walipiga hatua katika kufahamu, lugha na matumizi ya viungo. Mama hakusomewa somo. Alicheza na mwanawe mbele ya mhudumu, naye akaelekezwa pale pale.

Bibi wa Micheweni alijibu:
Mwanangu, huyo mama anayekuitikia pengine siye anayeshinda na mtoto. Siku za bamvua, maji yanapokupwa sana, mama yuko pwani kwenye mwani, baba kaenda dago, kambi ya wavuvi, na mtoto yuko nasi mabibi. Kwangu alikuja mhudumu mmoja, nikamwambia mama mtu hayupo, naye badala ya kuondoka akakaa mkekani, akanisogezea kopo na vifuniko vikubwa vitatu, kisha akanyamaza. Mjukuu wangu wa miezi 14 akatumbukiza kifuniko, akanitazama usoni, akangoja. Nikasema, "Kimeingia!" Akacheka, akakitoa, akatumbukiza tena, na kila mara alingoja sauti yangu kwanza. Kabla ya hapo nilikuwa nikimnyang'anya makopo kwa sababu ya makelele, na hilo linaniuma mpaka leo, kwani watoto wangu sita niliwalea hivyo hivyo.

Mhudumu wa Wete:
Bibi, shikamoo, na ahsante sana. Katika daftari langu huandika "mama hayupo" na kupita, na nyumba za namna hiyo ni nyingi. Nitaanza kuwaita mabibi pamoja na kina mama, na nitamwomba sheha ukumbi wa mkutano wa kila mwezi, ili ziara zangu zisibaki peke yake.

Bibi wa Micheweni:
Marahaba, mwanangu. Basi mkutano uuweke siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, ndipo kina mama watakapokuwepo.