Kwatzi, pairaiti na tumalini nyeusi: yupo mkusanyaji wa kununua?

KijanaWaTiira
Habari zenu wazee wangu. Tunachimba dhahabu huku Tiira, Busia ya Uganda. Mawe mengine huwa tunamwaga, ila mimi nimejaza nusu gunia: kwatzi nyeupe (yale mawe magumu ambamo dhahabu hukaa), vipande vyenye pairaiti (madini ya manjano yanayofanana na dhahabu), na tumalini nyeusi (madini yenye umbo la vijiti) aliyoniletea shemeji kutoka Ntungamo. Dalali anasema kuna watu wanaokusanya mawe ya kuweka kabatini. Ananipa shilingi 10,000 kwa yote. Nimuachie?

MzeeWaKarai
Mwanangu, usimuachie bado, lakini usianze kupanga matumizi. Kwatzi imejaa kila kilima. Mkusanyaji hapimi kilo, anatazama umbo. Shika jiwe moja moja ulitazame juani: fuwele, yaani kwatzi iliyokua na umbo lake kamili kwenye uwazi wa mwamba, ina pande sita na ncha. Ncha hiyo ndiyo bei. Ikimeguka hata kiasi cha punje ya mchele, bei inashuka vibaya.

Mwaka 2009 nilitoa shimoni kishada cha fuwele, kikubwa kama ngumi mbili, zimesimama kama vidole vya mtoto. Nikakipasua kwa nyundo ili nipate vingi vya kuuza. Mpaka leo moyo unaniuma. Mnunuzi mmoja Kampala alivigeuzageuza vile vipande, akaniuliza vilitoka shimo gani. Sikuwa nimeandika popote. Akanirudishia.

Pairaiti wanaitaka ikiwa vidude vya pembe nne vyenye kingo kali. Iliyotawanyika kama chumvi ndani ya kwatzi, achana nayo. Na ukigonga jiwe la rangi ya fedha likanuka kitunguu saumu, lina sumu ya arseniki: nawa mikono, usiliweke jikoni.

Tumalini nyeusi ndiyo ya kawaida kuliko tumalini zote. Vijiti vilivyovunjika havina soko. Kijiti kizima kilichosimama kwenye ulanga (madini ya tabaka nyembamba zinazong'aa) au kwatzi nyeupe, hicho kiweke pembeni.

Tena usidhani kila cha thamani kinang'aa. Kuna madini yanaitwa mpororoiti, jina limetoka Mpororo kwetu Kigezi, yalikopatikana mara ya kwanza. Ni unga wa manjano-kijani tu. Mchimbaji angeupangusa kwa kiganja.

DadaWaNtungamo
Naongeza kidogo. Safisha kwa maji na mswaki laini, ila pairaiti usiiloweke, na ikauke kabisa. Unyevu unaila mpaka inabaki unga. Asidi usiguse. Kila jiwe lifungie karatasi yake, yakigongana kwenye gunia umeyaua. Na mtu akikwambia uvushe mpaka, pitia kwanza idara ya jiolojia na migodi, Entebbe, uulizie kibali.

KijanaWaTiira
Asanteni sana. Nimeyamwaga yote mkekani. Kwatzi zimevunjika zote isipokuwa moja, urefu wa kidole gumba, ncha yake safi. Pairaiti yote ni ile ya chumvi. Tumalini mbili zimeshikana na ulanga, nzima juu mpaka chini.

MzeeWaKarai
Basi hayo matatu yaondoe kwenye gunia usiku huu huu. Umeandika yalikotoka?

KijanaWaTiira
Ya kwatzi nimeandika: Tiira, shimo la mjomba, upande wa mto. Za tumalini nimempigia shemeji. Anasema kilima anakikumbuka, jina lake hakumbuki. Jumamosi napanda basi tukaulize wenyeji.