Majirani Tandale: chupa haifunguliwi kwa mtoto mmoja

Mama Zuhura: Jamani nimetoka kliniki, nimerudishwa TENA. Nesi anasema wa chanjo ya surua leo tuko wawili tu, hafungui chupa. Nije Alhamisi.

Mama Zuhura: Na genge sijafungua tangu asubuhi 😡

Baba Imu Bajaji: Hafungui chupa kivipi, bia hiyo?

Mama Nasra: 😂😂

Da Upendo Afya: Pole shoga. Iko hivi, chanjo ya surua na rubella inakuja kama unga, chupa moja dozi 10. Ikishachanganywa na maji yake haivuki masaa 6, inayobaki inatupwa. Sasa nesi akiona stoo imebaki na chupa chache anaanza kupiga hesabu. Ila mwongozo wa WHO ni afungue hata kwa mtoto mmoja, maana wengi wakirudishwa ndo basi tena.

Baba Imu Bajaji: Si walichanja wote kwenye ile kampeni ya Februari 2024?

Mama Zuhura: Baba Imu, Zuhura ana miezi 10!

Bibi Mwanaidi: Surua ipo tangu enzi. Ikitoka mfungie ndani mpe uji, sindano asiguswe. Inaondoka yenyewe

Da Upendo Afya: Shikamoo bibi

Bibi Mwanaidi: Marahaba

Mama Nasra: Hapa uani kwetu kuna mtoto ana homa toka juzi, kikohozi, macho mekundu, tongotongo mpaka hayafunguki. Leo vipele vimeanzia nyuma ya masikio vinashuka kifuani. Mama yake kamfungia ndani hivyohivyo anavyosema bibi.

Da Upendo Afya: Amtoe leo leo! Anatakiwa apewe vitamini A leo na kesho, macho yasije kupofuka. Na kifua kiangaliwe, nimonia ndo inaua. Akifika aseme mlangoni kwamba ana vipele, asikae foleni moja na wachanga. Hewa ya chumba alichokoholea inaambukiza mpaka masaa 2 baada ya yeye kutoka.

Mama Nasra: Tuko familia sita uani, choo kimoja 😭

Da Upendo Afya: Ndo maana. Mtoto aliyekaa naye karibu akiwahi kuchanjwa ndani ya siku 3 anaweza kukingika. Alhamisi mbali.

Baba Imu Bajaji: Si tumpelekee kumi kwa mpigo tuone atasemaje

Balozi: Naunga mkono. Andikeni hapa, mtoto na miezi yake.

Mama Zuhura: Zuhura 10

Mama Nasra: Nasra ana mwaka na nusu, ya kwanza alipata

Da Upendo Afya: Aje, ya pili ni miezi 18. Ile ya kwanza peke yake kuna watoto haiwashiki.

Mama Pili: Wangu miezi 7

Da Upendo Afya: Subiri 9 mpenzi. Kukitangazwa mlipuko ndo huwa wanaanza na wa miezi 6, na hiyo haihesabiwi, ya 9 iko palepale.

Mpangaji Mpya: Samahani, mimi kadi ilipotea nilivyohama Mbagala. Ana mwaka mmoja

Da Upendo Afya: Njoo naye, utafunguliwa nyingine. Wakikuzungusha niite.

Mama Shufaa: Vitumbua vya moto tayari, njooni na vyombo

Balozi: Mama Shufaa ngoja kwanza!!

Mama Shufaa: Sawa, waandikeni na mapacha wangu

Balozi: Na wanne wamenipigia simu. Tisa.

Bibi Mwanaidi: Mjukuu wangu mwandikeni, mama yake anashinda Kariakoo. Nitambeba mimi. Sijasema nimekubali

Baba Imu Bajaji: Kesho saa 2 kamili kwa balozi. Nakuja na wenzangu, mchangie mafuta tu

Da Upendo Afya: Wiki ijayo wakichemka kidogo au wakatoka vipele vichache msikimbizane, ni chanjo.

Mama Zuhura: Mimi nakaa bajaji ya mbele. Nataka kuiona sura ya nesi 😂