Tunaenda Sapporo mwezi wa pili, mimi na mke wangu: goti, barafu na mlima Usu

Mwalimu wa Goma aliandika:

Salamu kwenu. Nimefundisha jiografia hapa Goma miaka 31, nikastaafu mwezi wa tisa uliopita. Kitinda mimba wetu yuko Sapporo, kaskazini mwa Japani, anasoma Chuo Kikuu cha Hokkaido. Ametuita mimi na mama yake tukamwone Februari, chuo kikiwa kimefunga. Viza tumeipata. Habari ya barua ya mwaliko, karatasi za mdhamini na cheti cha kuzaliwa naiacha, ilitula miezi minne na imekwisha. Ndege tutapandia Kigali.

Nina maswali matatu, na la tatu ndilo linaninyima usingizi.

La kwanza ni nguo. Nimewachorea watoto mishale ubaoni miaka yote: upepo unatoka Siberia, unavuka Bahari ya Japani, unabeba unyevu, ukifika Hokkaido unaumwaga kama theluji. Lakini mimi theluji nimeiona mara moja tu, ya Ruwenzori, nikiwa Mutwanga, na ilikuwa mbali kama wingu. Wiki iliyopita tulikwenda soko la Virunga kwa mama mmoja anayefungua balo za makoti, yale yanayovaliwa na waendesha pikipiki asubuhi. Mke wangu alichagua la bluu, refu mpaka magotini, zipu ya chuma. Mfukoni tulikuta tiketi ya basi ya nchi nisiyoijua, imekunjwa mara nne. Alilivaa palepale, jua la saa sita, jasho likimtoka, na hakulivua mpaka nilipomaliza kulipa. Je, koti kama hilo linatosha?

La pili ni goti lake la kushoto. Mei 2021, tulipoambiwa tuhame mji, tulitembea usiku kuelekea Sake, akaanguka kwenye mawe akiwa amembeba mjukuu. Tangu hapo akishuka ngazi anashika ukuta. Nasikia kule barabara ni kioo. Naogopa kumpeleka mtu nikamrudisha kwa magongo.

La tatu. Nyumba ya baba yangu ilikuwa karibu na kanisa kuu. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipopasuka, volkano ilipita katikati ya mji mpaka ziwani, ikachukua kanisa, ikachukua na nyumba. Baada ya siku kadhaa mzee alinishika mkono tukaenda kutafuta mlango. Hapakuwa na mlango. Palikuwa na ukingo mmoja wa bati umetokeza kwenye jiwe jeusi, na jiwe lenyewe ukiliwekea kiganja lilikuwa bado na moto. Mzee aliinama akaligusa lile bati kama mtu anayempima mtoto homa. Hakusema neno mpaka tuliporudi.

Sasa, kule Hokkaido kuna mlima Usu. Ulilipuka tarehe 31 Machi 2000, na watu kama 16,000 walikuwa wameshatolewa. Hakufa hata mmoja. Nimelifundisha jambo hilo kila mwaka, na kila mwaka kuna mtoto ananiuliza, mwalimu, wao walijuaje? Nataka kwenda kusimama pale niangalie kwa macho yangu. Nasikia kuna njia ya miguu inayopita kwenye nyumba zilizoharibiwa. Februari inapitika? Binti yangu anasoma mambo ya chakula, ya milima hayajui.

Mama wa Kadutu alijibu:

Jambo Mwalimu, na umsalimie sana mama. Nimeishi Sapporo miaka mitatu, mume wangu akisoma, na mwanangu wa pili alizaliwa huko. Naanza na goti, makoti yatangoja.

Barafu inayoangusha watu siyo theluji unayoiona. Theluji mpya ni laini, ukikanyaga inalia kama unga wa muhogo mkavu, na mguu unashika. Hatari iko kwenye vivuko vya barabara, mbele ya taa, pale magari yanaposimama na kuondoka mchana kutwa. Matairi yanaisugua theluji mpaka inang'aa. Wenyewe wanaiita tsurutsuru, na hata kama hujui Kijapani utaelewa. Mimi nilianguka mara mbili mwezi wa kwanza, zote mbili kivukoni, zote mbili nikikimbilia taa ya kijani. Mama asikimbilie taa. Itarudi tena. Hatua fupi, wayo wote chini kwa pamoja, uzito mbele kidogo, mikono nje ya mifuko. Wanafundisha watu watembee kama pengwini, na ndivyo wazee wao wanavyotembea.

Kisha kuna vitu vya mpira vyenye meno ya chuma, vinavalishwa juu ya kiatu. Vinauzwa hata kwenye maduka madogo yanayokesha. Mnunulieni siku ya kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Lakini akiingia dukani au stesheni avivue, maana kwenye sakafu laini vinateleza vibaya kuliko kiatu chenyewe.

Na jambo moja nililolipenda mno: kwenye njia panda utaona makasha yamesimama kando ya barabara. Ndani kuna vifuko vya kokoto ndogo. Ni vya kila mtu. Ukiona mahali panateleza unafungua kasha, unachukua kifuko, unamwaga pale unapopita, na anayekuja nyuma anapita salama. Jirani yangu, bibi wa miaka themanini, alikuwa akimwaga kila asubuhi mbele ya mlango wake na mbele ya wangu. Sikuwahi kumwomba.

Mjini kati, mama hana haja ya kutembea juu hata kidogo. Toka 2011 kuna njia ya chini ya ardhi kutoka stesheni ya Sapporo mpaka Odori, bustani ndefu ya katikati ya mji, na kutoka Odori unaendelea chini kwa chini mpaka Susukino. Pana, kavu, ina joto, ina viti. Lifti zipo, mtafute alama yake badala ya ngazi.

Koti la bluu litatosha. Februari mchana ni kama sifuri, usiku nyuzi sita chini, siku mbaya kumi. Siyo Siberia yenyewe. Kinachokosewa na watu wetu ni ndani ya koti: wanavaa sweta tatu nene, wanaingia treni iliyowashwa joto, jasho linatoka, wanatoka nje na jasho lile linageuka baridi. Vaeni fulana nyepesi ya mikono mirefu inayobana mwili, sweta moja, koti. Ukiingia ndani unafungua koti mara moja. Soksi za sufu, glavu, kofia inayofunika masikio. Viatu msinunue Goma. Nyayo za huko zimetengenezwa kwa barafu, za kwetu hazijui barafu.

Mwambie binti pia, mkisafiri siku mbili tatu, aondoe maji kwenye mabomba kabla ya kufunga nyumba. Kuna kitasa cha kuzungusha. Sisi tulisahau mara moja, bomba likaganda likapasuka, na jikoni tukakuta bwawa.

Fundi Barabara, Lubumbashi alijibu:

Mwalimu, mimi nilikwenda Sapporo majuma sita kwa mafunzo ya matengenezo ya barabara. Naongeza machache.

Makoti yabebeni mkononi. Sanduku langu lilibaki kwenye uwanja tuliobadilishia ndege, na ile kampuni ilinirudishia siku ya nne. Nilitua na kijaketi cha Lubumbashi cha mwezi wa sita, nikidhani baridi naijua kwa sababu kwetu usiku wa Juni unashuka hadi nyuzi saba. Siijui.

Tokyo ina viwanja viwili, Narita na Haneda, na viko mbali sana. Hakikisheni ndege ya kwenda Sapporo inaondokea uwanja mnaotua. Kule mtashukia New Chitose, na treni ipo chini ya uwanja wenyewe, dakika kama arobaini mpaka mjini. Ila theluji ikizidi uwanja unafungwa, kwa hiyo wakati wa kurudi acheni siku moja tupu kabla ya ndege kubwa. Nimewaona watu wamelala kwenye mabenchi.

Huo utelezi anaousema Mama wa Kadutu una historia. Zamani magari yote yalikuwa na matairi ya misumari. Misumari ikashika barabara vizuri, lakini ikailima lami, vumbi likajaa mjini mpaka watu wakaugua kifua. Mwaka 1990 ikaja sheria ya kuyakataza. Vumbi likaondoka, barafu ikaanza kung'aa. Mhandisi aliyetufundisha alilieleza hilo kwa uchungu kabisa, kwamba umeponya mapafu ukavunja nyonga, na kazi ya maisha yake ilikuwa kutafuta njia ya tatu. Mitelemko mingine wameipitishia joto chini ya lami. Watu wa Goma mnalijua vumbi, mtanielewa kwa nini niliandika maneno yake daftarini.

Chakula: mtafute jingisukan, nyama ya kondoo inayochomwa mezani juu ya chuma chenye mgongo kama kilima, mboga pembeni, mafuta yanateremka yanazipika. Nilikumbuka michopo ya nyumbani mpaka nikanyamaza. Na supu ya tambi yenye miso, ile soya iliyochachushwa, ni ya Sapporo asili.

Mkifika wakati wa sikukuu ya theluji, mwanzo wa Februari, hoteli zinapanda bei, lakini ninyi mna kwa kulala. Masanamu yako Odori, mengine marefu kuliko nyumba ya ghorofa tatu. Mwaka 1950 wanafunzi walichonga masanamu sita tu, na ndipo ilipoanzia. Njia za pale ni theluji iliyokanyagwa na umati. Mama apande mnara wa televisheni ulio mwanzoni mwa bustani, kuna chumba cha kutazamia mita 90 juu, kwa lifti. Ataona bustani yote imewaka taa bila kuteleza. Jua linazama saa kumi na moja jioni, msichelewe.

Kokoto alijibu:

Mwalimu, nimezaliwa Goma, nimesoma jiolojia, Usu nimefika mara mbili. Najibu la tatu tu.

Ile njia ya miguu kwenye mashimo ya mwaka 2000, yenye nyumba na barabara zilizopinda, inafungwa majira ya baridi. Hufunguliwa masika, mwezi wa nne. Pole. Usijaribu kupita kamba, chini ya theluji ardhi bado ina mvuke na nyufa.

Lakini usiache kwenda. Kutoka Sapporo panda treni ya Hokuto mpaka stesheni ya Toya, karibu saa mbili, kisha basi mpaka Toyako Onsen, mji wa maji ya moto kando ya ziwa. Ziwa haligandi. Kuna jumba la makumbusho ya volkano pale. Na ukienda mbele kidogo kuna Showa-shinzan, na huo ndio ningependa uuone hata kuliko mashimo.

Mwishoni mwa 1943 pale palikuwa na shamba la ngano. Ardhi ikaanza kutetemeka, ikainuka, na kufikia 1945 shamba limekuwa mlima. Leo una mita 398, mwekundu, na mahali penye mvuke theluji haikai. Ilikuwa vita, wataalamu hawakuweza kuja, serikali haikutaka habari zienee. Msimamizi wa posta ya kijiji, Mimatsu Masao, alisimamisha miti nyuma ya posta yake, akafunga nyuzi zilizolala sawasawa kutoka mti hadi mti, akawa anakaa mahali palepale na kuchora mstari wa mlima dhidi ya nyuzi zile. Karatasi ilikuwa haba. Mwaka 1948 michoro yake ilionyeshwa kwa wataalamu wa volkano waliokutana Oslo, na mlima wenyewe aliununua. Makumbusho yake iko chini ya mlima.

Na swali la wanafunzi wako, walijuaje? Usu hutikisa kabla ya kupasuka. Mwaka 2000 mitetemeko ilianza tarehe 27 Machi, siku nne kabla. Profesa Okada Hiromu wa Chuo Kikuu cha Hokkaido alikuwa ameutazama mlima ule miaka mingi, meya walimjua kwa sura, na aliposema utalipuka walimwamini. Watoto walikuwa wameshafundishwa ramani ya hatari shuleni. Nyiragongo haina tabia hiyo, 2021 haikutupa siku nne. Mtoto akikuuliza, mwambie na hili pia, asidhani watu wetu walilala.

Mwalimu wa Goma aliandika:

Ndugu zangu, nimemsomea mke wangu majibu yote kwa sauti, na kisa cha makasha ya kokoto amenirudisha nyuma nikisome mara ya pili. Anamshukuru Mama wa Kadutu, na anauliza jina la yule bibi jirani. Nimemwambia majina hayaandikwi hapa.

Tumepanga hivi. Siku tano za kwanza Sapporo, apumzike na mtoto wake. Halafu Toyako usiku mmoja, yeye akae kwenye maji ya moto, yatamfaa goti, mimi niende Showa-shinzan asubuhi. Ile njia iliyofungwa nimeikubali, ingawa roho imeniuma.

Kokoto, habari ya nyuzi sikuijua. Miaka 31 sikuijua! Kutoka uwanja wa shule yetu ya zamani Nyiragongo unaonekana wote asubuhi kabla ya mawingu, na fito hatukosi. Nimeshazungumza na mwalimu aliyechukua darasa langu. Nikirudi tutasimamisha fito mbili na kufunga nyuzi, kila mtoto achore siku yake na kuandika tarehe.

Mama wa Kadutu, vile vya meno ya chuma vinaingia kwenye kiatu namba 45? Vya kwangu mimi.

Mama wa Kadutu alijibu:

Vinaingia, mpira unavutika. Chukua saizi kubwa, na uvijaribu dukani ukiwa umekaa.