Tupeane uzoefu: bloku (mwili mkuu) ya injini ya turbo, chuma au alumini, ipi imekuvusha?

Mwenye Trela, Magongo
Wenye malori, hebu tuambizane. Natafuta trela la pili na kila broka Changamwe ana wimbo wake: huyu anaapia chuma cha kawaida, yule CGI, chuma kigumu zaidi. Langu ni chuma cha kawaida, silinda sita, laina za maji, yaani mikebe ya silinda inayozungukwa na maji. Mwaka juzi lilinitoa jasho. Tunapandisha Mazeras na kontena la futi 40, geji ya joto inapanda, maji yanapungua na chini hakuna hata tone. Fundi alipochomoa laina ya tatu alinishika kidole akakipitisha ubavuni kwa nje: vijitundu kama mahindi yaliyobunguliwa, kimoja kimetokea ndani. Akauliza, "Tanboi, huyo msaidizi wako, huongeza maji gani?" Ya kisima. Akacheka: "Yakhe, hayo hata chai hayapikiki!"

Fundi wa Jomvu
Pole mzee. Hizo nazifungua kila mara. Dizeli ikiwaka laina hutetemeka, maji yanayoizunguka hufanya viputo, na viputo vikipasuka hudonoa chuma. Kulanti, ile dawa ya rejeta, huacha utando unaokinga. Wewe kwa maji ya kisima uliingiza chumvi kwenye injini, ukaongeza na kutu.
Sasa CGI. Kwenye chuma cha kawaida grafaiti imelala kama vibapa vyenye ncha, na ufa hupenda kupita hapo. Kwenye CGI imejikunja kama minyoo, ncha butu, chuma kinashikana. Kukikata kwa kukivuta kunahitaji nguvu zaidi ya chuma cha kawaida, kama asilimia 75 hivi. Ndiyo maana DAF na MAN wanakitumia: turbo inasukuma hewa kwa presha kubwa na ukuta wa bloku haunenepi. Ila kuchonga ni shughuli. Nilipeleka moja kuboa, yaani kupanua tundu za silinda, mwenye mashine akapandisha bei, eti visu vyake vimekwisha makali. Hilo lipigie hesabu kabla hujampa broka pesa.

Mama Pikapu, Bamburi
Mimi sina trela, nina pikapu ya turbo, bloku alumini. Nyepesi, inakwenda raha. Siku mpira wa rejeta ulipopasuka njia ya Kilifi, shemeji yangu kwa huruma akamimina maji baridi injini ikiwa moto. Hedi, kile kifuniko cha juu ya bloku, ikapinda, gasketi ikaenda. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma, haitaki haraka. Shemeji bado hajanilipa.

Kijana wa Likoni
Chuma cha kawaida, miaka 11, hedi haijafunguliwa. Nikifika naiacha ingurume dakika tatu turbo ipoe, ndipo nazima. Tanboi hununa, anataka kulala.

Mwenye Trela, Magongo
Fundi, hiyo kulanti nichanganye na maji gani basi? Ya mfereji?

Fundi wa Jomvu
Maji ya betri, yale yasiyo na asidi, nusu kwa nusu. Na ule mtungi wa kisima mfiche tanboi.