Nimelipia bakapu miaka 2, siku ya siku hakuna hata faili moja la kurudisha!!

Wakuu naandika nikiwa na hasira mtanisamehe. Nina duka la jumla la vipuri hapa Kariakoo, seva moja na kompyuta nne, stoo, ankara na madeni ya wateja wa mikoani yote yamo humo. Miaka 2 nalipa kampuni moja ya IT laki 2 na nusu kila mwezi, kazi yao kubwa ni bakapu, yaani kutunza nakala za mafaili yangu ili yakiharibika warudishe. Kila asubuhi imeili inaingia "bakapu imekamilika" na tiki ya kijani, mi najua niko salama.

Jumatatu dada wa kaunta kawasha mashine ananiita, bosi njoo uone. Kila faili limeongezewa herufi za ajabu mkiani, halifunguki, na kila folda ina ujumbe tulipe kwa bitikoini. Sikubabaika, nikampigia jamaa wa IT nikamwambia njoo unirudishie ya Jumamosi. Kaja saa nane mchana. Kumbe bakapu yenyewe inaenda kwenye diski ya nje iliyochomekwa nyuma ya seva hiyohiyo, haijawahi kuchomolewa, nayo imefungwa yote! Nikamuuliza, na klaudi (hifadhi ya mtandaoni) mnayonichaji je? Kufungua ni folda inayojisinki tu, yaani kila kinachobadilika kwenye seva kinabadilika na huko, yale mafaili mabovu yamepanda yenyewe yakakaa juu ya mazima, na kutunza matoleo ya nyuma hawakuwasha. Jamani kusinki sio bakapu!

Nikamuuliza, miaka 2 hii mlishawahi kujaribu kurudisha hata ankara moja? Kimya, anaangalia simu.

Usiku nimesoma mwenyewe, kumbe bakapu ina utaratibu wa siku nyingi, nakala 3, vifaa vya aina 2, na 1 ikae nje ya jengo. Hata Maersk wale wa meli, 2017 walipopigwa na kirusi cha NotPetya seva zao zinazotunza akaunti za wafanyakazi zilikwisha dunia nzima, ikapona moja tu Ghana kwa vile umeme ulikuwa umekatika. Yaani nakala iliyokuwa imezimwa ndo iliyowaokoa! Mimi hata diski ya pili ikikaa kabatini nyumbani ingetosha kabisa.

Sasa hivi tunajaza kaunta buku upya kwa kutumia nakala za risiti. Mteja mmoja wa Mbeya kanitumia mwenyewe picha za ankara anazodaiwa, Mungu ambariki, ila wengine wameshaanza "mzee mi si nilimaliza", na sina cha kuwaonyesha.

Halafu hawa hawa wananiletea bei, laki 8 ya "kujaribu kuokoa data". SILIPI. Alhamisi naenda ofisini kwao na mkataba, neno bakapu limeandikwa humo mara tatu.

Kuna aliyewahi kudai hela kwa kazi kama hii akarudishiwa? Alianzia wapi?